Mguu wa Kushoto wa Bata Bukini

Nikiikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni kidevu cha padri. Kilikuwa kinameremeta mafuta, na tone moja lilikuwa linaning'inia pale chini, linavutika, halidondoki. Alikuwa anakula kitako cha bata bukini. Kwetu kile kipande cha nyuma, chenye ile tezi ya mafuta, kinaitwa tonge la askofu, na anawekewa mgeni mkubwa kuliko wote mezani. Mimi nimechinja bata bukini tangu nina miaka kumi na najua vizuri kinachopita pale. Padri alikinyonya mpaka akafumba macho, halafu akalamba na kidole gumba.

Ilikuwa Sikukuu ya Mtakatifu Martini, miaka minne kabla ya vita. Siku hiyo, huku kwenye mabwawa ya mto Tisza, hata maskini wa mwisho anatafuta bata bukini wa kula, na divai mpya inaonjwa kwa mara ya kwanza. Watu wanaingoja mwaka mzima. Mimi natema mate nikiisikia ikitajwa.

Jina langu Bori. Nilikuwa nimeolewa na Imre, mtoto mdogo wa Verona, na tuliishi kwa Verona. Nyumba kubwa ilikuwa na chumba kimoja tu chenye jiko la kuota moto, kwa hiyo tulilala watatu humo humo: mama mkwe kwenye kitanda cha ukutani, sisi hatua mbili kutoka kwake, nyuma ya pazia. Nilimsikia akijikuna. Nilimsikia akitafuta kitu kwenye meno kwa ulimi, saa nzima. Alikuwa anajipaka mafuta ya bata kifuani kwa ajili ya kikohozi, na mafuta yakichacha hayamwagi, anaendelea nayo. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na harufu ile ilikuwa inalala na mimi kwenye mto.

Mwisho wa ua kulikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili na baraza, imepakwa chokaa. Aliijenga Gergely, kaka mkubwa wa Imre, kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Kisha majira ya baridi ya mwaka mmoja akaenda kukata matete, barafu ikavunjika, akazama. Nyumba akabaki nayo mjane wake, Rozál, peke yake na bata bukini saba. Hawakuwa na mtoto. Na kwa desturi yetu mjane hakai kwa hisani ya mtu, anakaa kwa haki yake, mpaka afe au aolewe tena, ilimradi asilichafue jina la marehemu.

Verona aling'ang'ania hilo neno "ilimradi". Sitaki kujifanya mwema hapa: na mimi niliitaka nyumba ile. Kila asubuhi nikitoka kumwaga ndoo ya usiku niliitazama baraza yake, nikapanga kitanda cha mtoto kitakaa upande gani. Sikumtakia Rozál mabaya. Nilitaka tu asiwepo, na nilijiambia hayo ni mambo mawili tofauti.

Maneno yalianza mwezi wa tisa. Yalianzia kwa Verona, ingawa ukiuliza kila mtu atakwambia aliyasikia kwingine. Rozál amekonda. Rozál anakohoa, anacheka peke yake. Cheche imeonekana ikiingia kwenye bomba lake la moshi. Mwanamke mpweke akikonda kijijini kwetu, hakuna anayemuuliza kama amekula. Wanasema ana lidérc, yaani jini mahaba, anayeingia kwa bomba la moshi kama moto na kumnyonya mtu mpaka abaki ngozi. Huyo jini ana sura ya mwanamume mzuri, mguu mmoja wa mtu na mguu mmoja wa bata bukini. Ule wa mtu hauachi alama. Ule wa bata ndio unaomtoa siri.

Siku tuliyokuwa tunanyonyoa manyoya ya kujaza mito ya kulalia kwa mkunga Kati, wanawake sita tumefunga milango ili manyoya yasipeperuke, Verona alisema kwa sauti ya kusikitika, "Masikini mkwe wangu. Nampelekea supu, hainywi."

"Hujawahi kumpelekea supu," nilisema.

"Wewe ulikuwa umelala. Siku hizi unalala kama gogo."

Wakacheka. Kati alipangusa pua kwa mkono uliojaa manyoya, yakabaki yamemganda puani, akaendelea kuongea hivyo hivyo. "Sasa si tumpime? Bibi yangu alikuwa anapima kwa majivu. Unanyunyiza mlangoni jioni, asubuhi unaangalia. Kama hakuna kitu, mnamwacha mtu wa watu."

"Na kama kipo?" aliuliza mmoja.

"Kama kipo, basi jina la marehemu limeshachafuka, na mzee Balog atasema la kusema."

Mzee Balog alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Verona aliinamia manyoya yake. Sijamwona tena mtu akinyonyoa kwa furaha namna ile.

Basi mkesha wa Martini, mchana, wakaja Balog na Kati na nusu ya mtaa. Nilidhani Rozál atawafukuza. Alitoka kwenye baraza akiwa anafuta mikono kwenye aproni, mwembamba kweli, macho makubwa.

"Mnataka kumwaga majivu? Mwageni," alisema. "Nyunyizeni mpaka kwenye ngazi. Na mkimwona huyo mwanamume mwambieni aje na kuni, maana anakuja mikono mitupu."

Watu wawili wakacheka, wakaacha haraka.

"Usifanye mchezo, Rozál," alisema Balog.

"Mzee, mchezo si wangu. Nimeukuta umeshachezwa. Chukua na ufunguo wa banda la bata wangu, msije mkaniambia walitoka."

Balog akachukua ufunguo, akautia mfukoni. Kati akamwaga majivu yaliyochekechwa, yaliyotoka kwenye jiko letu, akayasawazisha kwa bawa la bata bukini lile tunalofagilia unga. Baraza ikawa ya kijivu, laini, kutoka ngazi hadi mlango. Rozál akaingia ndani akafunga. Hakuwa na hofu hata chembe, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mimi nilikuwa na bata wa sikukuu wa kumshughulikia. Nilikuwa nimemshindilia mahindi wiki tatu, mara tatu kwa siku, nimembana kati ya magoti, nasukuma punje kooni kwa kidole gumba mpaka shingo inavimba. Nachukia kazi ile. Wanakutazama kwa jicho moja wakati unawafanyia. Nikamchinja, nikakinga damu kwa ajili ya kukaanga na vitunguu, nikamnyonyoa angali moto. Nikakata kichwa, shingo, mabawa, na miguu miwili kwenye kiungo, nikaviweka vyote kwenye bakuli stoo kwa ajili ya supu ya kesho. Miguu miwili. Nasema miwili kwa sababu niliiweka ikiwa imekumbatiana, kama mtu aliyekunja mikono, na nikakereka kuitazama, nikafunika bakuli kwa kitambaa.

Asubuhi tuliamshwa na kelele za watu uani. Nilitoka na shali tu. Balog alikuwa ameshasimama chini ya ngazi za Rozál, kofia mkononi, na wanawake walikuwa wanajifanyia ishara ya msalaba mmoja baada ya mwingine.

Kwenye majivu kulikuwa na nyayo kumi na moja, kutoka ngazi mpaka mlangoni. Za bata bukini. Zote za mguu wa kushoto.

"Bata wangu wamo bandani," Rozál alisema. Alikuwa amefungua mlango, amesimama kizingitini na nguo ya kulalia. "Balog, una ufunguo wewe. Fungua uhesabu."

"Nimeshahesabu. Wamo saba."

"Basi?"

"Basi bata gani anatembea kwa mguu mmoja, Rozál?"

Alitazama chini. Alianza kucheka, halafu nikaona kicheko kinamfia. Alizihesabu kwa midomo, moja hadi kumi na moja, akarudia. Akainua macho na kututazama, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

Nyayo za bata bukini nimezijua tangu sijajua kusoma. Bata akikanyaga, kidole cha kati kinazama zaidi, na akinyanyua mguu anaburuta ukucha, unaacha mkia mdogo. Zile hazikuwa na mkia. Zote zilikuwa na kina kimoja, zimetua tu, kama unavyopiga muhuri. Niliona. Nikaanza kulifikiria, halafu mtoto akanipiga teke tumboni, nikaliacha hapo nilipofikia. Nasema mtoto, lakini ningeweza kulimalizia lile wazo kama ningetaka.

Nikarudi jikoni kuanza supu. Bakulini kulikuwa na kichwa, shingo, mabawa mawili na mguu mmoja. Wa kulia.

"Mama, mguu mwingine uko wapi?"

Verona alikuwa anamenya karoti, kanipa mgongo. "Paka."

"Paka amefunua kitambaa, akachukua mguu, akafunika?"

"Una maneno wewe. Menya huo mmoja."

Nikaubabua ule wa kulia kwenye moto, nikauvua lile gamba la njano linalotoka kama glavu, nikakata kucha, nikautumbukiza chunguni. Paka alikuwa amelala juu ya sanduku la kuni, ubavu umembonyea kwa njaa. Verona hakuwahi kumpa kitu. Verona hakuwahi kumpa kiumbe yeyote kitu, wala kutupa kitu. Alikuwa anaokota njegere kwenye mfereji wa maji machafu, anasuuza. Kichwa cha bata alikuwa anakinyonya mpaka macho. Nyuzi alizofungia kuku aliziosha akazianika.

Siku ile hakuja misani. Alisema atabaki kuangalia chungu. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kukosa misa ya Martini.

Saa sita tukakaa mezani: padri kwenye kiti cha marehemu baba mkwe, Balog, Kati mkunga, Imre, Verona na mimi. Rozál naye aliitwa. Ilikuwa bado ni meza yake kama mjane wa Gergely, na ilibidi aambiwe mbele ya watu. Alikaa mwishoni karibu na mlango, amevaa nguo nyeusi nzuri na amechana nywele zake.

Mvinyo ulimiminwa. Padri akaanza kusimulia kile kisa ambacho kila mtoto anakijua, cha Mtakatifu Martini kukimbia asifanywe askofu, akajificha kwenye banda la bata bukini, na wao wakapiga kelele mpaka watu wakamkuta. "Ndiyo maana tunawala," alisema, akajipapasa tumbo. "Ni adhabu yao."

"Kwa hiyo kosa lao ni kusema ukweli, baba padri?" aliuliza Rozál.

Padri alimtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye mkate.

"Kosa lao ni kelele, binti yangu."

Verona akasimama kugawa supu. Chungu kilikuwa kirefu na jikoni kwetu kuna giza mchana kutwa. Macho yake pia yalikuwa mabovu kwa vitu vya karibu. Alimpa padri shingo, Balog firigisi, Kati kichwa. Mguu ni wa wanawake vijana, wanasema unawapa miguu myepesi. Nilipokea sahani yangu bila kutazama, kwa sababu mafuta yale ya njano yanayoelea juu yalikuwa yananipandisha kichefuchefu.

Balog akafuta masharubu. "Tuseme lililotuleta. Baba padri, kanisa linasemaje?"

"Kanisa haliamini mambo ya majini," alisema padri. "Ni ushirikina, na ni dhambi." Akachovya mkate. "Lakini pia nyumba inayosemwa namna hii si mahali pa mwanamke peke yake. Hilo nalo lazima niliseme."

Nikamtazama Rozál. Alikuwa anamtazama padri kwa chuki safi, na nilimwonea wivu kwa kuweza.

Nikaingiza kijiko. Kijiko kikatoka na mguu wa bata bukini, na mguu ule haukuwa umemenywa. Ulikuwa na gamba lake la njano, limekunjamana kwa kuchemka. Ulikuwa na kucha zake zote. Na kati ya vidole, kwenye ule utando, kulikuwa na tope la kijivu, limejikusanya kwenye mikunjo na chini ya kucha. Niliusukuma kwa kidole. Tope likaachia kidogo kwenye supu, likasambaa. Majivu.

Ulikuwa wa kushoto.

Nikaelewa yote, kuanzia ngazini hadi mlangoni, mpaka sababu ya yeye kubaki na chungu. Alitoka alfajiri na mguu ule mkononi, akapiga muhuri mara kumi na moja. Halafu angeweza kuutupa chooni, au kumpa paka. Lakini ni nyama ile, na Verona hatupi nyama. Aliusuuza haraka haraka misa ikikaribia kwisha, hakupata muda wa kuumenya, akaurudisha kwenye supu ambayo tulikuwa tunaila sote. Padri alikuwa anaila.

"Hapa hakuna hakimu," Balog alikuwa anasema. "Ni watu na jirani zao. Rozál ana haki ya kutetewa. Nani ana neno la kumsemea?"

Imre alitazama sahani yake. Kati akatazama dari. Rozál akanigeukia mimi. Hakutazama mwingine. Mimi ndiye niliyekaa naye ua mmoja miaka miwili, na yeye ndiye aliyenifundisha kuziba nyufa za jiko lisitoe moshi, ndiye aliyenishika kichwa nilipokuwa natapika mimba changa.

"Bori," alisema Balog. "Wewe uko karibu naye. Umeona kitu?"

Nilikuwa nimeushika kwenye kijiko, inchi tano juu ya sahani. Ningeuweka tu kwenye kitambaa cheupe cha meza. Hata kusema nisingehitaji, ningeubonyeza, ungeacha alama yenyewe. Nikaiona baraza. Nikaiona chokaa, na dirisha, na kitanda cha mtoto chini ya dirisha. Nikasikia ulimi wa Verona ukitafuta kitu kwenye meno nyuma ya pazia, usiku baada ya usiku, mpaka nife.

Nikautia mdomoni.

"Mwacheni ale," alisema Verona. "Ana mimba. Anakula kwa ajili ya wawili."

Watu walicheka, hata padri. Nikatafuna. Gamba lilikuwa gumu, lateleza, halikatiki. Majivu yalisaga kwenye meno kwa sauti niliyoisikia ndani ya kichwa. Ukucha mmoja ukanichoma ufizi. Nilinyonya vile vifupa kimoja kimoja mpaka vikawa vyeupe, maana mfupa ukishanyonywa hausemi umetoka kwenye mguu gani, nikavipanga pembeni ya sahani. Vingine vyote nikameza. Macho yalinitoka machozi, na Kati akasema supu ina pilipili nyingi.

"Sikuona kitu," nilisema nilipoweza.

Rozál akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei dukani na hana hela.

Hapo ndipo ilipoletwa nyama ya kuokwa, na kabichi nyekundu, na padri akawekewa tonge la askofu. Mengine nimeshasema.

Rozál alipewa wiki mbili awe ameondoka. Aliondoka kesho yake. Niliona anakuja na furushi la nguo mgongoni na bata wake saba mbele, nikajificha kwenye banda la kuni, lakini alikuja pale pale akanipa ufunguo wa nyumba.

"Bomba la moshi linavuja upande wa kaskazini," alisema. "Mvua ikinyesha weka sufuria, mtoto asilowe."

Nilitamani anitukane. Akatoka langoni, bata wakitangulia na kelele zao, na watoto wa mtaani wakamfuata nyuma wakichechemea kwa mguu mmoja.

Tulihamia baada ya wiki. Nilifagia yale majivu mimi mwenyewe. Binti yangu Panni alizaliwa mwezi wa tatu chini ya lile dirisha, mvua ikigonga kwenye sufuria. Vidole vya miguu nilivihesabu kabla sijamtazama uso.

Verona hakuwahi kulitaja. Mpaka leo sijui kama alinipa sahani ile kwa bahati, kwa macho yake mabovu, au alinichagulia. Siku moja nilimuuliza, akiwa kwenye ugonjwa wake wa mwisho, nampaka yale mafuta yaliyochacha kifuani kwa mkono wangu.

"Mama, ule mguu ulijua unampa nani?"

"Mguu gani," alisema. "Si ulikula?"

Rozál hakurudi. Tulisikia alipata kazi mjini kwenye karakana ya mito ya kulalia, tukasikia kifua kimemzidi, hatukusikia tena. Lakini alibaki kwenye midomo ya watoto. Walikuwa wanaruka kwa mguu mmoja kwenye vumbi, mmoja katikati kafumbwa macho, huku wakiimba:

*Rozi kavaa kiatu kimoja,*
*mguu wa pili ni wa bata;*
*majivu mlangoni yamngoja,*
*toka Rozi, tutakukamata.*

Panni alikuwa na miaka sita nilipomsikia akiuimba kwenye baraza yetu, pale pale palipokuwa na zile nyayo. Nilimshika mkono kwa nguvu.

"Usiimbe huo."

"Kwa nini? Wote wanaimba. Mama, kweli alikuwa na mguu wa bata?"

"Hakuwa nao. Mguu ulikuwa wa bata wetu. Bibi yako aliuchovya kwenye majivu, na mimi nikaula ili watu wasiuone."

Nilimwambia hivyo, wazi. Hakuna mwingine duniani niliyewahi kumwambia. Mtoto akanitazama, macho yakamng'aa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Na kucha?"

"Na kucha."

Akatoka mbio. Jioni ile ile wimbo ulikuwa na ubeti mpya, na mtaa mzima ulikuwa unauimba:

*Mguu wa bata u wapi jamani?*
*Mama Bori kautia kinywani,*
*kala na kucha, kala majivu,*
*akiitwa kula huyo si mvivu.*

Niliwasubiri watu waje. Nilikaa sebuleni na nguo nyeusi nikingoja Balog agonge mlango. Hakuna aliyekuja. Kati alipita langoni na kuniambia wimbo umenipendeza, umenipa jina. Padri aliusikia akacheka mpaka akakohoa. Waliusikia wote, kila neno, kwa sauti kubwa, kutoka kwa watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza unasema nini.

Sasa nina wajukuu. Kila Martini tunakaa mezani katika nyumba ile ile, na Panni anagawa supu. Anafika kwenye mguu, anaunyanyua juu na kijiko, na wote wanaanza kuimba, wanapiga meza. Anauweka kwenye sahani yangu.

"Huu wako, mama."

Wanangoja. Wananitazama, midomo yao imepakaa mafuta, wanacheka. Nami nautia mdomoni, natafuna, na yale majivu yamo.